Mama Mwalimu Anajibu: Mstaafu hana cha kugomea

Barua za mwezi huu karibu zote zimeangukia jambo moja, pensheni. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu imenigusa pabaya, na nyingine zitanisamehe.

Mama Mwalimu, salaam. Mimi ni kijana wa Busia, nashughulikia makaratasi ya malori hapa mpakani. Mama yangu alikuwa mkunga wa serikali kwa miaka 30. Huu ni mwaka wa pili tangu astaafu, kiinua mgongo hajakiona, na kila akifuatilia anaambiwa faili liko Kampala. Binamu yangu aliyeko Ufaransa alinitumia picha za 2023: watu wamejaa barabarani, takataka zimerundikana kando ya milango ya mikahawa, kisa wameongezewa miaka miwili ya kazi. Wale wanalipwa na bado wanafunga barabara. Sisi hatulipwi na tunasema "haya, tutarudi Jumatatu." Je, sisi Waganda ni waoga?

Mwanangu, kwanza mfikishie mama pole yangu. Mtu aliyepokea watoto wa watu kwa miaka 30 hastahili kuzungushwa kama mpira.

Kuhusu uoga, ngoja. Tuanze na hizo picha, maana picha huonyesha umati lakini haisemi umati ulikuwa umeshika nini mkononi.

Januari 2023 serikali ya Rais Emmanuel Macron ilitangaza kwamba umri wa kustaafu utapanda kutoka miaka 62 hadi 64, na kwamba anayetaka pensheni kamili atachangia kwa miaka 43. Vyama vikubwa 8 vya wafanyakazi, ambavyo kwa kawaida hugombana vyenyewe kwa vyenyewe, vikakaa pamoja. Tarehe 19 Januari wakaingia barabarani. Tarehe 7 Machi wizara yao ya mambo ya ndani, ambayo haina sababu ya kuwapendelea, ilihesabu watu milioni 1.28 nchi nzima. Vyama vikasema ni zaidi ya mara mbili ya hao. Tarehe 16 Machi waziri mkuu, Élisabeth Borne, alipoona kura bungeni huenda zisitoshe, alitumia kifungu cha 49.3 cha katiba yao kinachoiruhusu serikali kupitisha muswada bila wabunge kuupigia kura. Hapo ndipo hasira ilipopanda, na hata waliokuwa wamekaa nyumbani wakatoka. Baadaye watu walikuwa wakigonga masufuria kila rais alipofika mjini kwao.

Sasa hizo takataka. Wazoa taka wa Paris walikuwa na haki ya kustaafu wakiwa na miaka 57, na mageuzi yalitaka wafike 59. Wakagoma. Katikati ya Machi zilikuwa zimelala barabarani takriban tani 10,000. Mfalme Charles wa Uingereza alikuwa afanye ziara yake ya kwanza ya kitaifa huko, ikaahirishwa. Hebu tazama vizuri, mwanangu: aliyelitikisa jiji lile alikuwa mzoa taka, na alilitikisa kwa kutofanya kazi yake. Mzee aliyekwisha kustaafu alikuwepo pia, akitembea na bango lake, lakini nguvu haikutoka kwake.

Hilo ndilo nataka ulishike. Mstaafu hana cha kugomea. Mama yako akisema leo "sizalishi tena," nani atashtuka? Alipokuwa bado wodini, zamu moja tu angeikosa na hospitali nzima ingemtafuta. Siku aliyokabidhi sare yake alikabidhi na silaha yake. Wafaransa wanalijua hili, kwa hiyo wanaipigania pensheni wangali na miaka 25, 30, 40, wangali na treni za kuendesha na mitambo ya kuzima. Wanafunzi wa shule walitoka! Sisi tunaanza kuizungumzia siku faili linapofunguliwa, na siku hiyo tumeshachelewa.

Wala usidhani wao ni watu wa vyama kutuzidi sana. Ufaransa ni kama mfanyakazi mmoja tu kati ya 10 mwenye kadi ya chama. Wanachokuwa nacho ni mazoea yenye kumbukumbu. Haki ya kugoma imo katika katiba yao tangu 1946. Mwaka 1982 waliona umri ukishushwa hadi miaka 60, kwa hiyo wanajua kwamba namba ile si amri ya Mungu. Desemba 1995, baada ya wiki kadhaa za mgomo wa treni na mabasi, serikali ya Alain Juppé ilirudi nyuma kuhusu pensheni za wafanyakazi wa reli. Mwaka 2010 waliandamana tena, safari hiyo wakashindwa, umri ukapanda hadi 62. Mtoto wa nyumba ya namna hiyo hukua akisikia mezani: mwaka ule tulipata, mwaka ule tulikosa. Hahitaji kufundishwa jinsi ya kushika bango.

Na 2023 walishindwa pia. Baraza lao la katiba liliuidhinisha mpango huo tarehe 14 Aprili, ukaanza kutumika Septemba. Lakini wanasiasa waliendelea kuulipia katika kila uchaguzi, hadi Oktoba 2025 waziri mkuu mwingine, Sébastien Lecornu, akatangaza kuusimamisha mpaka baada ya uchaguzi wa rais wa 2027. Miaka miwili na nusu hiyo, watu wakiwa wamesharudi makazini zamani.

Turudi kwetu. Mfaransa anagombania *lini* pesa zitaanza kuingia. Kwamba zitaingia hana shaka, kwa sababu tangu azaliwe ameziona zikiingia kwa bibi yake kila mwezi. Mama yako anagombania pesa zilizokwisha kuwa zake. Katiba yetu ya 1995, Ibara ya 254, inasema mtumishi wa umma akistaafu atapata pensheni inayolingana na cheo, mshahara na urefu wa utumishi wake, isiyotozwa kodi, na kwamba malipo yafanyike haraka, kwa mfululizo, na yapatikane kwa urahisi. Haraka, kwa mfululizo, kwa urahisi. Niliyaandika maneno hayo matatu kwenye jalada la daftari na nikawa natembea nalo.

Maana na mimi nimepita hapo. Nilifundisha shule ya msingi, nikaweka chaki chini 2016 nilipotimiza miaka 60. Ofisi moja, sitaitaja, iligundua kwamba jina langu kwenye barua ya ajira lina herufi moja zaidi ya jina lililo kwenye kitambulisho cha taifa. Herufi moja. Miezi 19. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, anitambue, kwa wakili aniapishe, kwenye picha za pasipoti, nikarudi kwenye ile ofisi nikaambiwa yule bwana amehamishwa na ufunguo wa kabati anao yeye. Nilikuwa nikilipa bodaboda kwa pesa za kuuza mayai. Siku moja nilikaa chini ya mwembe nje ya ofisi ile nikalia, mtu mzima na mvi zangu, na sikuona aibu.

Kwa hiyo naomba neno "waoga" tuliondoe. Nchi hii imeandamana. Aprili 2011 watu walipotembea kwa miguu kwenda kazini kulalamikia bei ya chakula na mafuta, walipigwa mabomu ya machozi. Apaa, kule Amuru, mwaka 2015 akina mama wa Kiacholi walivua nguo mbele ya mawaziri kuilinda ardhi yao, na anayejua laana iliyomo ndani ya uchi wa mama mzee anajua hilo si jambo la mzaha. Novemba 2020 zaidi ya watu 50 waliuawa katika siku chache za maandamano. Tarehe 23 Julai 2024 vijana waliotaka kutembea hadi Bunge kupinga ufisadi walikamatwa kwa makumi. Mtu anayelipima hilo kabla ya kutoka nyumbani, na ana wajukuu wa kulisha, usimwite mwoga. Mzoa taka wa Paris alihatarisha mshahara wake wa wiki kadhaa. Hapa unapima mambo mengine kabisa.

Na kuna jambo la pili, zito zaidi kwa maoni yangu. Ufaransa kila mtu ana pensheni au anaitegemea: mhudumu wa hoteli, dereva, mkulima. Wakisema "pensheni yetu," ni yetu kweli. Hapa mwenye pensheni ni mtumishi wa serikali, na mwenye akiba NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, ni aliyeajiriwa rasmi. Jirani yangu anayeuza mihogo, pensheni yake ni watoto wake na ng'ombe wawili. Nikimwomba aandamane kwa ajili ya kiinua mgongo changu ataniangalia na kuniuliza, kwa heshima, wangu utainuliwa na nani? Sina jibu la kumpa. Hatuwezi kupata milioni barabarani kwa kitu ambacho mamilioni hawajawahi kukipewa.

Basi ufanye nini? Usimpeleke mama barabarani peke yake. Kwanza hesabuni. Kanuni iko katika Sheria ya Pensheni na si siri: chukua miezi ya utumishi, zidisha kwa mshahara wa mwisho uliojumlishwa kwa mwaka mzima, gawanya kwa 500. Tuseme mshahara wake ulikuwa shilingi milioni 1 kwa mwezi. Miezi 360 mara milioni 12, gawanya kwa 500, ni shilingi 8,640,000 kwa mwaka. Theluthi moja ya hizo, 2,880,000, inazidishwa kwa 15, nacho ndicho kiinua mgongo: 43,200,000. Theluthi mbili zinazobaki ndizo pensheni yake, 480,000 kila mwezi. Weka mshahara wake halisi, uandike kwenye karatasi, aingie nayo ofisini. Nimeona kwa macho yangu jinsi sauti ya karani inavyobadilika mstaafu akitaja kiasi chake hadi shilingi ya mwisho.

Pili, na hili ndilo nililoandikia kurasa zote hizi: nenda kwa wakunga walioko kazini. Wale waliofanya zamu na mama. Wao bado wana cha kuweka chini. Waulize kama kuna mkutano wa chama chao ambao ajenda ya kwanza iliwahi kuwa waliostaafu mwaka jana wamelipwa au la. Nataka kusikia walivyokujibu. Niandikie.

Mama Mwalimu, mimi nafundisha shule ya binafsi Arua, nina miaka 47, na mwajiri amenikata asilimia 5 ya NSSF kwa miaka 11. Nimeangalia taarifa yangu, miaka mitatu ya katikati haimo. Mkurugenzi anasema nikilalamika nitapoteza kazi. Na je, ni kweli naweza kutoa sehemu kabla ya miaka 55?

Ni kweli. Sheria iliyorekebishwa mwanzoni mwa 2022 inamruhusu mwanachama aliyefika miaka 45 na kuchangia miaka 10 kutoa hadi asilimia 20 ya akiba yake. Lakini wewe usikimbilie huko kabla ya kuitafuta ile miaka mitatu, maana bila hiyo, kwa mwajiri huyu una miaka 8 tu ya michango, haifiki 10.

Asilimia 5 ni yako. Asilimia 10 ni ya mwajiri, atoe mfukoni mwake, asiikate kwako. Akikukata halafu asipeleke, amekula mshahara wako na pia akiba yako ya uzeeni. Sheria hiyo hiyo ya 2022 inamtaka kila mwajiri kuchangia, hata mwenye mfanyakazi mmoja, kwa hiyo kisingizio cha udogo wa shule hakina nafasi. Kusanya karatasi za mishahara za miaka hiyo, hata zilizopigwa picha kwa simu. Kisha waulize walimu wenzako, mmoja mmoja, kimyakimya, wafungue taarifa zao. Nina hakika hauko peke yako. Mwalimu mmoja akilalamika anafukuzwa. Walimu 14 wakipeleka karatasi zao siku moja kwenye ofisi ya mfuko, mkurugenzi hatapata walimu wengine 14 katikati ya muhula.

Mwalimu, hapa Mutukula tunasikia redio za pande zote mbili. Watanzania hawakuandamana kama Wakenya, lakini lile suala la kikokotoo lilirekebishwa. Waliwezaje bila kuingia barabarani?

Swali zuri sana, ndugu yangu, na linanipa nafasi ya kulisifu neno hilo. Kikokotoo! Sisi huku tulikuwa tunasema "ile kanuni ya pensheni" na hakuna aliyejali. Wao wakapata neno moja ambalo mama wa sokoni aliweza kulitamka kwa hasira.

Mwaka 2018 Tanzania iliunganisha mifuko minne ya pensheni kuwa PSSSF. Kanuni mpya zikaja, na mtumishi aliyetarajia kupata nusu ya haki yake kwa mkupuo siku ya kustaafu akaambiwa atapata robo, na yote inayobaki ataipata kidogokidogo kila mwezi. Walimu, wauguzi, makarani, wote walipiga hesabu zao. Hawakufunga barabara. Walisema kazini, wakasema kwenye vyama, wakasema kwa wabunge wao. Tarehe 28 Desemba 2018 Rais John Magufuli alikutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi na wa mifuko, akaamuru kanuni za zamani ziendelee hadi 2023. Baadaye mkupuo ukawekwa kuwa asilimia 33, manung'uniko yakarudi, na bajeti ya 2024 ikaupandisha hadi asilimia 40 kwa wale waliokuwa wakipata nusu zamani.

Wakenya mwezi Juni mwaka huo huo wa 2024 walikwenda njia yao. Vijana wasio na chama wala kiongozi waliupinga Muswada wa Fedha, tarehe 25 wakaingia bungeni, watu wakauawa, na kesho yake Rais William Ruto akasema hatausaini. Ni ndugu wawili walioachana mpakani tu, na kila mmoja ana namna yake ya kumkasirikia baba.

Ila tazama kinachofanana na jibu langu la kwanza. Waliokirekebisha kikokotoo ni watu waliokuwa bado kazini, wakikaribia kustaafu, na serikali iliwahitaji Jumatatu asubuhi. Tanzania hiyo hiyo ina wazee waliokuwa watumishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Hao waliandamana Dar es Salaam mwaka baada ya mwaka, wakakaa barabarani na mikongojo yao, na polisi wakawaondoa. Hawakuwa na ofisi ya kuifunga. Mwajiri wao alikufa 1977.

Mwanangu, mimi ni mzee wa reli, nakaa Walukuba, Jinja. Nilikuwa fundi wa mabehewa mpaka Jumuiya ilipovunjika. Wenzangu waliobaki, hatufiki kumi, wanataka twende tukakae nje ya ofisi tuulizie malipo yetu kwa mara ya mwisho. Wanangu wamenikataza, wanasema ni aibu mzee wa miaka 84 kukaa chini kama mwombaji. Wewe wasemaje?

Shikamoo, baba.

Umeniandikia bila kujua unamwandikia nani. Nimezaliwa kwenye nyumba za reli Tororo. Baba yangu alikuwa mpiga ishara, na Kiswahili hiki ninachokiandikia nimekipata uani kwenye nyumba zile, tulikokaa Wajaluo, Wateso, Waluhya, Wanubi, sote tukigombana kwa lugha moja. Jumuiya ilipovunjika 1977 alirudi nyumbani na saa ya mfukoni, taa ya mkono, na sanduku la bati lenye barua zake za kazi. Mkataba wa kugawana mali na madeni ulitiwa saini 1984, kila nchi ikabeba malipo ya watu wake. Baba aliusikia redioni, akalitoa sanduku chini ya kitanda, akalipangusa. Alikufa likiwa pale pale mlangoni.

Hakwenda kukaa nje ya ofisi yoyote. Alisema kama wewe unavyoambiwa, kwamba ni aibu. Mimi nilikuwa mkubwa, nilikuwa tayari nafundisha, nikakubaliana naye kwa sababu na mimi niliona aibu. Nalijutia hilo hadi leo.

Nenda, baba. Waambie wanao nimesema mimi. Anayekaa chini kudai malipo ya kazi aliyoifanya si mwombaji, na mwenye aibu ni aliye ndani ya ofisi, siyo aliye nje. Ile miezi 19 yangu haikuisha kwa kiapo cha wakili. Iliisha siku ambayo wastaafu 11, walimu na wauguzi, tulikaa kwenye ngazi za ile ofisi tangu saa mbili asubuhi na chupa zetu za chai, bila bango, bila wimbo, kila mmoja na hesabu yake kwenye karatasi. Saa saba mchana mkubwa mmoja alitoka akaanza kusoma karatasi moja baada ya nyingine. Wanane tulilipwa kabla ya mwaka kuisha. Watatu hawakulipwa, na mmoja wao ameshafariki. Sitaki kukuahidi zaidi ya nilichokiona.

Mkiamua kutembea barabarani kwa pamoja, sheria ya 2013 ya mikusanyiko inataka polisi wapewe taarifa ya maandishi siku zisizopungua 3 na zisizozidi 15 kabla. Machi 2020 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu cha 8 kilichowapa polisi mamlaka ya kuzuia mkutano watakavyo, lakini taarifa pelekeni, na nakala yenye mhuri mbaki nayo. Kila mzee abebe nakala za barua zake. Hati zenyewe ziacheni nyumbani. Mtafuteni kijana mmoja wa reli aliye kazini leo, hata mmoja, akae nanyi. Na viti, tafadhali. Sakafu ya saruji si ya magoti ya miaka 84.

Niandikie tarehe. Tororo na Jinja ni barabara moja, nitapanda matatu ya alfajiri nije na lile sanduku la baba, nikae upande wako.